Seva ya Nyimbo Sebuleni kwa Mama

Sijui kama mtu aliyeishia kidato cha pili ana haki ya kusema "seva yangu". Fundi wangu, Mkenya mmoja mwenye kibanda cha kompyuta kule Kisugu, ndiye aliyeniambia nisione haya. Alisema kompyuta yoyote inayokaa imewashwa ili watu wachote vitu kutoka kwake ni seva, hata kama ni kuukuu na ubavu wake umefungwa kwa waya wa pikipiki. Yangu ilikuwa hivyo hasa. Niliipata kwenye ofisi moja iliyokuwa ikiondoa mashine zake za zamani, nikaiweka juu ya kabati fupi sebuleni kwa mama, hapa Kibuli, na nyumba nzima ikawa inafungua picha na nyimbo kutoka humo kwa simu. Waya wa pikipiki ulitoka dukani kwangu. Nauza spea.

Kilichokuwa na maana ndani yake ni nyimbo. Mama na wenzake sita walikuwa wakiimba doluka kwenye harusi zetu Wanubi, kutoka Kibuli mpaka Bombo, na mama ndiye aliyekuwa mpiga ngoma. Kaseti zao zilikuwa arobaini na kitu. Miaka iliyopita, nilipoona ukungu umeanza kuzila, nilizihamisha moja moja kutoka kwenye redio mpaka kwenye kompyuta, kisha zile kaseti zikafa zote. Wale wanawake nao wakatangulia mmoja mmoja. Kati ya saba amebaki mama.

Sasa harusi ya mpwa wangu ilikuwa imebakiza wiki tatu, na wajukuu watatu wa mama walitaka kuimba wimbo wa kumpokea bibi harusi jinsi ulivyoimbwa zamani. Mama aliwafundisha wote isipokuwa ubeti mmoja wa katikati. Kila mwimbaji alikuwa na ubeti wake, na ubeti wa mwenzio huuimbi, kama vile huwezi kuvaa gurbaba ya mwenzio bila kumwomba. Ule wa katikati ulikuwa wa rafiki yake mkubwa, na yule mama alifariki bila kumrithisha mtu. "Siyakumbuki maneno yake," mama alisema. "Nakumbuka tu watu walicheka." Kwa hiyo ubeti ulikuwa umebaki mahali pamoja duniani, ndani ya mashine yangu, na mashine yangu ilikuwa imeanza ugonjwa wa kuzimika.

Unaiwasha, inapumua, inajikagua kwa dakika nyingi kama mzee anayetafuta miwani, unaanza kusikiliza kaseti moja, halafu pap, giza. Robo saa hivi, haizidi. Nami faili nilikuwa nimezipa majina ya kijinga: "kaseti 1", "kaseti 1 mpya", "kaseti 1 mpya kweli". Sikujua ubeti uko wapi. Mtu mwenye akili angeitumia ile robo saa kunakili vitu kwenda kwingine. Mimi niliitumia kuiwasha tena na tena, nikiamini itaona aibu.

Nikamwita fundi. Alikuja, akavua viatu mlangoni, akaletewa chai ya tangawizi. Nyumbani tunasema Kinubi, lakini naye tunasema Kiswahili, na Kiswahili cha mama ni kile chetu cha Kampala.

"Fundi, hii mashine ina nini? Mimi nataka sauti ya rafiki yangu."

"Usijali, Hajati. Lakini kwanza niambie, hiki kitambaa ni kazi ya mkono? Aki mama yangu angekiona angelia."

"Mkono yangu hii," mama akasema, na akamwongezea andazi.

Kitambaa chenyewe ni cha kudarizi, maua mekundu na kijani, kizito, kinashuka mpaka chini. Sebuleni kwa mama hakuna kitu kinachokaa uchi. Televisheni ina chake, redio ina chake, friji, mtungi wa maji, hata ile rimoti ina kifuko. Ukitaka kuwasha seva, unainua pindo la mbele kidogo, unabonyeza, unashusha.

Fundi aliweka kitambaa pembeni kwa heshima, akafungua ubavu wa mashine, akachungulia kwa tochi. "Mzee, memori ni ndogo sana. Hii mashine inafikiria kwa kijiko, na wewe unaipa kazi ya sufuria." Akatoa vijiti viwili vya zamani vya memori, akachomeka viwili vikubwa zaidi. Mashine iliamka haraka mpaka wajukuu wakapiga makofi. Fundi akafunga ubavu, akarudisha kitambaa yeye mwenyewe, akakinyoosha pembe zote nne, akaaga. Alikuwa hajafika barabara kubwa mashine ilipozima.

Kesho yake niliipakata kwenye bodaboda mpaka Kisugu. Dereva aliniuliza, "Ssebo, umepata televisheni nene hivyo wapi?" Pale kibandani iliwaka kuanzia saa nne asubuhi mpaka alasiri, haikuzima hata mara moja. Niliirudisha Kibuli nikiwa na furaha, nikaiweka juu ya kabati, nikaivalisha, nikaiwasha. Robo saa, pap. Siku iliyofuata nikaipeleka tena. Kisugu, nzima kama sufuria mpya.

"Mzee, mashine yako inaogopa Kibuli," fundi akasema.

"Labda inaogopa adhana?"

"Si mimi nimesema! Labda ni stima. Ya nyumba yako huenda inayumba. Chukua hii stebulaiza yangu, ikae kati ya ukuta na mashine."

Nikabeba na stebulaiza, chuma kizito kuliko mashine. Haikusaidia kitu.

Safari ya tatu ndiyo ninayoionea haya. Kulikuwa na wateja wawili kibandani, mwanamke aliyeleta laputopu na kijana wa kuchapisha barua. Nikasema kwa sauti ya sokoni: "Umeniuzia vijiti vilivyokufa. Vikiwa mbele yako vinajikaza, vikifika kwangu vinazirai."

Fundi hakupandisha sauti. "Mzee, nenda nyumbani, toa vyangu, rudisha vyako vya zamani. Mashine ikikaa imewaka, mimi nafunga hiki kibanda narudi kwetu kufuga kuku."

Nikaenda, nikatoa, nikarudisha. Ikazima robo saa ile ile. Haki ilitaka nirudi siku hiyo hiyo kuomba radhi. Sikurudi. Nilijiambia kwamba pengine vijiti vyake vilikuwa vimeharibu kitu kabla ya kutolewa. Mtu akitaka kuendelea na hasira hakosi njia.

Siku mbili hivi baadaye, mama aliamua kufua vitambaa vyote vya sebuleni kwa ajili ya wageni wa harusi. Vikaanikwa nje mstari mzima, kama maduka. Mimi kwa mazoea nikawasha mashine, nikamwachia mama kaseti moja, nikapanda msikitini kuswali adhuhuri. Niliporudi ngoma ilikuwa bado inalia. Nikakaa. Nikaangalia saa. Nikanywa chai, nikaangalia tena. Mke wangu akapita na beseni la nguo, akatazama huku na huku, akasema, "Leo sebule yenu iko uchi kama kituo cha polisi."

Nikamtazama yeye. Nikaitazama mashine. Iko uchi. Kisugu ilikuwa uchi. Kila mara niliporudi Kibuli, jambo la kwanza, kabla hata ya waya, nilikuwa naivalisha nguo.

Nawaambia ukweli, fundi aliniuliza mambo mengi: umeme, vumbi, panya, nani anaigusa, nimeiweka karibu na jiko au la. Kitambaa sikukitaja hata siku moja. Ni kama mtu akuulize nyumba yako ikoje, uanze kumwambia ina kuta.

Hapo ndipo haki yangu iliponiponza. Nilikuwa nimemsingizia mtu tayari, sikutaka kusingizia na kitambaa. Nikachukua cha redio ambacho kilikuwa kimekauka, nikafunika. Dakika kumi na nne, pap. Nikafunua, nikasubiri ipoe, nikawasha: inakaa. Nikafunika tena: pap. Nikaona shahidi mmoja hatoshi, nikarudia mara ya tatu. Ilipowaka baada ya hiyo ya tatu, kutoka tumboni mwake ikatoka sauti mpya, kavu, ya kukatisha: ko, ko, ko. Kama kuku anadonoa bati.

Mama akainua kichwa. "Hiyo si ngoma yangu."

Niliizima vizuri, kwa adabu, kwa mara ya kwanza baada ya wiki nzima, nikaenda Kisugu kwa miguu ili nipate muda wa kupanga maneno. Niliona kwamba kwa kuwa nilimtukana mbele ya wateja wawili, radhi nayo iwe mbele ya wateja wawili. Lakini wale wa siku ile hawakuwepo, na kulikuwa na mmoja tu. Nikasubiri. Alipoingia wa pili, bwana mmoja aliyetaka chaja, nikasimama nikasema, "Ndugu zangu, nilisema huyu fundi ameniuzia memori mbovu. Haikuwa mbovu. Nilikosea mimi."

Yule wa chaja akasema, "Sawa, lakini mimi nataka chaja."

Fundi alikuwa ameinamia meza mabega yakitikisika. Nilidhani ana hasira, kumbe anacheka. "Na ubaya ulikuwa wapi, mzee?"

"Kitambaa."

Akaweka bisibisi chini. "Kile chekundu?" Kisha akajipiga paji la uso. "Nilikirudisha mwenyewe! Nikanyoosha na pembe! Bana, kwetu hata redio ina sketi, ningekionaje?"

Nilipomweleza kuhusu ko, ko, ko, kicheko kikaisha. "Mmeizima ghafla mara ngapi?"

Sikuwa na hesabu. Nikasema mara nyingi, na tatu za mwisho kwa makusudi, kwa ajili ya haki.

"Haki imeua diski," akasema. "Usiiwashe. Nakuja na mpya."

Alikuja alasiri hiyo hiyo na diski mpya, feni mpya, brashi ya rangi na kijichupa cha spiriti. Alipofungua ndani kabisa, pale feni ndogo inapokaa juu ya prosesa kuipoza, akatuita tuone. Mapezi yote ya chuma yalikuwa yamezibwa na kitu cheusi chenye kunata, na chumba kikajaa harufu nzuri.

"Hii ni nini, Hajati?"

"Ubani," mama akasema. "Kila Ijumaa nafukiza. Chetezo inakaa hapo chini ya kabati."

"Basi hii feni imevuta ubani miaka yote. Ikifa inaenda peponi moja kwa moja."

"Wewe usicheze na ubani."

Alisugua mapezi kwa spiriti, akapaka dawa mpya ya kupitisha joto, nyeupe kama ya meno, kwani ile ya zamani ilikuwa imekauka ikawa unga, akafunga feni mpya na kuchomeka tena vijiti vyake viwili. Akatueleza kwamba mashine huvuta hewa mbele na kuitoa nyuma, na chini ya kitambaa ilikuwa inavuta pumzi yake mwenyewe mpaka joto linapanda, halafu inajizima yenyewe isiungue. Kwa maana hiyo ilikuwa na akili kutuzidi.

Mama alikuwa amekaa wima. "Kwa hiyo hii kitambaa yangu ndiyo mwizi."

Nikaingilia, kwa Kinubi, nikasema hapana, ukigawa makosa kwa haki, kitambaa kina fungu lake, ubani fungu lake, uzee wa feni fungu lake, na mimi niliyeiwasha na kuizima kama taa ya choo nina fungu kubwa kuliko yote. Mama akanisikiliza mpaka mwisho. "Unagawa kama nyama ya akika," akasema. "Mwambie afanye kazi."

Kazi yenyewe ilikuwa diski. Fundi alizichomeka zote mbili, ya zamani na mpya, akaielekezea ya zamani feni ya mezani. Ikaanza: ko, ko. Kimya. Ko.

"Mzee, sikiza. Inaweza kunakili yote, inaweza kufa sasa hivi. Itatoka kwa zamu. Nini kwanza?"

Ndani mlikuwa na nyimbo, picha za familia, na video ya harusi yangu mimi, ambayo pia haikuwa na nakala kwingine. Nilianza kupima. Picha za marehemu baba ziko huko. Mke wangu alikuwa amesimama mlangoni. Nikasema labda tuchukue kidogo kidogo kutoka kila upande, ili asionewe mtu.

"Acha upuuzi," mama akasema. "Kwanza wale ambao hawawezi kuimba tena. Walio hai watajisemea."

Fundi hakungoja tafsiri, alimtazama usoni akaelewa. Nikamwonyesha folda ya nyimbo. Kaseti ya kwanza ikapita. Ya pili. Kwenye ya tisa diski ikagonga mfululizo, namba kwenye kioo zikasimama, na mama akaanza kusoma dua kwa midomo tu. Fundi akaweka kiganja juu ya mashine kama anatuliza mbuzi. Namba zikasogea. Wajukuu walirudi kutoka chuoni, wakaambiwa wasikanyage kwa nguvu, wakakaa mkekani. Kila kaseti ilipofika salama mmoja wao alitaja namba yake kwa kunong'ona. Kufikia magharibi nyimbo zote zilikuwa zimevuka. Zikafuata picha. Diski ilikufa katikati ya harusi yangu, mara tu baada ya mimi kushuka kwenye gari.

Nilimgeukia mke wangu nimpe pole.

"Afadhali," akasema. "Baada ya hapo nilikuwa nimenuna."

Siku mbili tulisikiliza. Mashine ikawaka kutwa bila kuzima, haina nguo, na mama kila akipita anageuza uso kama mtu aliyemkuta jirani anaoga. Ubeti ulikuwa kwenye kaseti ya thelathini na kitu, asubuhi ya Jumapili, tukiwa wote sebuleni. Kwanza ngoma ya mama, nyepesi na kali. Kisha ikaja sauti nene ya rafiki yake, inayocheka kabla ya kufika kwenye kichekesho. Kwa Kiswahili ni kama hivi:

Keti bibi harusi, jiko lisikutishe,
hata mpiga ngoma wetu, na maringo yake yote,
siku ya Idi na wakwe aliunguza pilau,
tukatafuna ukoko, tukasema mashallah.

Wanawake wa kwenye kaseti wakaangua kicheko. Ngoma ikakosea pigo moja, ikarudi.

Wajukuu waligeuka polepole, wote watatu pamoja. "Jaja, mpiga ngoma si ni wewe?"

Mama alikuwa ameshika shavu. Sitasema kwamba alijifanya kusahau. Miaka ni mingi na sina ushahidi. "Mwanamke yule," akasema, na macho yalikuwa yanang'aa. "Mwanamke yule! Mbele ya watu wote, na mimi nampigia ngoma!" Kisha akainua kidole. "Lakini nilimjibu. Ngojeni jibu langu."

Tukangoja. Ngoma ikapanda, mtu akapiga kigelegele, sauti ya mama ikavuta pumzi ya kuanza, na kaseti ikaisha.

"Imeisha kwenye zamu yangu? Nani alikuwa anarekodi?"

"Mimi, mama," nikasema. Nilikuwa mtoto wa miaka kumi wakati huo, lakini nilikuwa mimi.

Mama akaomba ngoma. Wajukuu wakaileta, wakaweka simu mbele yake, na akaimba jibu lake kwa sauti iliyokwaruzika, akisimama katikati kukohoa na kuwaambia wasimkatie:

Halikuwa kosa la moto, lilikuwa kosa la domo,
ulisimama mlangoni ukinipigisha soga,
maji yakakauka, mchele ukalia,
na sahani ya kwanza kurudi tupu ilikuwa yako.

Siku ya harusi wajukuu waliziimba zote mbili, mmoja akiwa rafiki, mmoja akiwa mama, wa tatu kwenye ngoma. Kina mama waliocheka zaidi walikuwa wale wazee wa upande wa Bombo, waliomjua mwenye ubeti, na mmoja alilia akicheka mpaka akavuliwa miwani. Fundi alikuwepo, kwenye viti vya wanaume, sahani ya pili mapajani, na kwa kuwa hakuelewa Kinubi nilimfasiria.

"Sasa nani anasema kweli?" akaniuliza.

Mama, ambaye alikuwa anapita, akasikia. "Muulize huyu. Siku ile ya Idi alikuwepo."

Wakanitazama wote wawili, na baadhi ya wazee wakasogea kusikiliza. Nilijitahidi kukumbuka kwa haki. Nilikuwa na miaka sita au saba. Nakumbuka nilikula sahani mbili, na nakumbuka ilikuwa tamu. Lakini mtoto wa umri ule anapenda ukoko kuliko wali, kwa hiyo ushahidi wangu haumsaidii yeyote.